Usiniambie Tena Baba Kalala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, miguuni soksi mbili mbili na begani kanga yako ile ya zambarau. Shuleni pale Zinga tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi huku sijambo, hofu ni kwenu nyinyi. Basi mimi sijambo kweli: kula nakula, kazini naenda, kulala nalala nikipata nafasi. Hofu nayo ipo, lakini nitaiweka mahali pake, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Neema, yule dada wa Lugoba ninayefanya naye kazi, ambaye siku ile ulimsikia kwenye simu akiimba kwaya huku anaosha vyombo. Anakuja likizo kwa wazazi wake. Nimemwambia akushikishe wewe mwenyewe, asimpe Kaka Shabani hata Kaka akimkaribisha soda na kiti cha kivulini. Uisome peke yako kwa miwani yako. Usimwite wifi akusomee.

Najua utasema, ala, huyu mtoto ana simu, kila Ijumaa anapiga, barua ya nini tena? Mama, kuna maneno simu haiyabebi. Kwenye simu nikianza kusema, mtandao unakatika, au wewe unaniwahi na "umekula?", na mwanao Shabani yuko hapo pembeni anakukonyeza. Usibishe, namjua. Karatasi haikonyezwi.

Nianze na habari za huku Uzunguni. Baridi imeingia. Si baridi yenu hiyo ya mwezi wa saba, mnavaa makoti alfajiri na saa nne mmeshayavua mnalalamika joto. Hii ukitoka nje pua inakufa ganzi. Kazi ni ile ile ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Namwamsha huyu, namwogesha yule, namlisha, namgeuza. Mgongo unauma, ila ndio ugali wenyewe. Kinachonishinda ni ukimya wao mezani. Watu wamejaa meza nzima unasikia vijiko tu. Juzi mzee mmoja aliyekuwa anasusa chakula alimaliza bakuli lake la uji, nami nikajisahau nikapiga kigelegele. Msimamizi alikuja mbio akidhani pameshika moto.

Karatasi zangu za ukaazi bado ziko mezani kwa wenyewe. Wanasema nisubiri. Nikitoka kabla hawajanijibu, kurudi itakuwa bahati nasibu. Hilo mnalijua, na nadhani mmelifikiria sana kuliko mnavyoniambia.

Sasa sikiliza kisa kilichonikalisha hapa.

Kwenye korido ya nyumba ile wametundika picha za kale ili wazee wakumbuke ujana wao. Kuna bango moja la wakati wa ile vita kuu ya pili, vita aliyokwenda Babu. Limechorwa askari kijana, kifua wazi, amekaa juu ya sanduku, jua linamwakia, anasoma karatasi nyembamba ya buluu. Juu yake inapita ndege. Maandishi makubwa yanawaambia watu wa nyumbani wamwandikie askari wao aliye mbali, kwamba barua ya ndege itamfikia upesi. Chini yake kuna maneno madogo: mpe habari za kumfurahisha. Serikali yao ilibandika mabango ya namna hiyo ili watu waandike, maana askari asiyepata barua huvunjika moyo, na aliyevunjika moyo hapigani. Siku za mwanzo nililipenda sana bango lile. Nikipita na ndoo yangu nilimwambia yule kijana, "Haya ndugu yangu, tuko wote, ila wewe umepata jua."

Yuko bibi mmoja pale, jina lake Dorini. Umri wake ni tisini na ushee, mfupi, mikono imejaa mishipa, ulimi wake pilipili kichaa. Kila alasiri kiti chake hugeuzwa kitazame dirishani, bango likabaki kisogoni. Mimi sikuwa na zamu ya korido ile, kwa hiyo sikujua kwa nini. Siku niliyopangiwa kule nikamkuta anatazama magari yaliyoegeshwa, mvua inanyesha, hakuna hata paka anayepita. Roho ikaniuma. Wewe ulinifundisha mtu mzima hakalishwi akatazama nje kama anayefukuzwa. Nikamgeuza, nikamwekea chai mapajani, nikamwambia, "Haya Bibi, mtazame kijana wako wa zamani."

Kikombe kiliruka, Mama. Chai ukutani, chai kwenye viatu vyangu.

"Nani kakwambia unigeuze?" akafoka.

"Samahani Bibi, nilidhani utaipenda picha."

"Picha!" Akacheka kicheko kibaya. "Hiyo picha ilimfufua mama yangu, na mimi ndiye niliyebeba maiti."

Nikaogopa. Nikadhani akili imeanza kumruka, maana wengi wao huwa hivyo jioni jioni. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sakafu, nimepiga magoti, na labda kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti mbele yake ndiyo maana akanisimulia. Mtu mzima ukimwinamia hufunguka. Hilo nalo nimelitoa kwako.

Anasema alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Kaka yake, Roni, alipelekwa vitani upande wa Bama, kule Asia kupigana na Mjapani, huko huko alikokuwa Babu. Bango lile lilikuwa limebandikwa posta ya mtaa wao, na kila wiki yeye ndiye aliyetumwa kupeleka barua. Majira ya baridi mama yao akaugua kifua, akafariki. Baba yao akamwita jikoni akamwambia: yule kijana yuko kwenye risasi, na serikali imesema tumpe habari za kumfurahisha. Usimwambie. Atajua akirudi.

Basi mtoto wa watu akaendelea kuandika. "Mama anakusalimu. Mama anasema vaa kofia, jua lisikuchome." Ikaja barua ya Roni: mwambie Mama miguu yangu inaoza kwa maji ya msituni, anifundishe dawa. Dorini akatunga dawa. Roni akauliza: Mama bado anagombana na jirani juu ya yule kuku? Dorini akatunga ugomvi, akatunga na suluhu. Ananiambia, "Nilimfanya mama yangu acheke, nikamfanya apike, nikamnunulia hata kitambaa kipya cha kichwa. Nikimaliza kuandika nainua macho, kiti chake kitupu."

Nikamuuliza, "Sasa Bibi, ulimlilia lini?"

Akaniangalia kama mtu niliyemshika mkono gizani. Akasema, "Ningelia lini, binti? Kila wiki alikuwa hai kwenye karatasi."

Vita ikaisha, Roni akarudi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, begani mfuko, mkononi kashika shali ya hariri aliyomnunulia mama yake njiani. Akaita, "Mama!" Dorini alikuwa anamenya viazi. Baba yao akakimbilia uani. Ikabidi msichana aseme mwenyewe. Roni hakupiga kelele. Aliuliza tu, tangu lini? Alipoambiwa, akafungua mfuko wake akatoa barua zote, akakaa sakafuni, akaanza kuzichambua: hizi Mama alikuwa hai, hizi hakuwapo. Alipomaliza akalishika lile fungu la pili, akamwuliza dada yake, "Sasa hizi nilipozijibu, nilikuwa namsalimu nani?"

Hawakugombana, anasema. Walikaa vizuri, wakaoa na kuolewa, wakatembeleana sikukuu. Lakini kuanzia siku ile Roni hakumwambia tena dada yake habari yoyote mbaya. Alipougua uzeeni alimwandikia kuwa yuko salama salimini, bustani imestawi. Dorini alipata habari za msiba kwa jirani. "Alinilipa," akasema. "Nami nilistahili, ingawa sikuwa na kosa." Kisha akaniambia nimgeuze dirishani, na chai nyingine tafadhali, hiyo ya kwanza ilikuwa nyepesi mno.

Sasa nije kwetu.

Mama, Baba hajaongea nami tangu lini? Mimi sihesabu, lakini moyo una hesabu zake. Kila Ijumaa nikisema nipe Baba, mara kalala. Saa nne ya asubuhi, fundi baiskeli, kalala! Mtu ambaye tangu nizaliwe jua halijawahi kumkuta kitandani. Mara kaenda msikitini, mara simu yake imeingia maji. Kaka Shabani naye, Mungu amsamehe, uongo haumkai hata kidogo. Akaniambia Baba kaenda Mkange kwa Shangazi kuamia ndege wasile mpunga. Mpunga gani mwezi huu, Mama? Nimeondoka Zinga, sijasahau msimu. Mpunga wenyewe mmeshavuna, mmeshaukoboa, na nusu mmeshaula. Huyo Shabani angesema Baba kaenda mwezini ningemwamini zaidi.

Nikaanza kukutazama wewe. Vitumbua umeacha kuuza, unasema magoti. Magoti hayo hayo yalikaa kwenye mafiga tangu mimi nanyonya, hayakukuzuia hata mwaka ule wa mafuriko. Kisha ikaja harusi ya binti wa Mama Asha, shoga yako wa chanda na pete, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walinitumia video. Nimeitazama mwanzo hadi mwisho. Wamo wote, mpaka wale mnaonuniana nao, wewe humo. Harusi ya mtoto wa Mama Asha ichezwe wewe usiwepo? Hata uwe unaumwa ungebebwa kwa kiti.

Kisha siku ile mtoto wa Shabani alichezea simu, akaigeuza upande wako kabla wifi hajamnyang'anya. Nilikuona kufumba na kufumbua. Umekaa mkekani chumbani, umejitanda nguo nyeupe, huna wanja, huna hina, huna hata vile vipuli vyako vya sikioni ambavyo hujavivua tangu nikiwa mdogo. Mama, mimi ni mtoto wa pwani. Mwanamke akikaa ndani hivyo, hatoki, hajipambi, harusi ya shoga yake inampita mlangoni, hakuna haja ya kuniambia yuko katika nini.

Nikajibishana na nafsi yangu. Nikasema pengine ni homa, pengine nimeona vibaya. Mpaka Ijumaa iliyopita. Nilikuambia, "Mpe Baba salamu, mwambie mama yake anamsalimu." Siku zote nikijiita hivyo, kwa jina la mama yake nililopewa, unanijibu nitamfikishia. Safari hii ulisema, "Mwombee, mwanangu." Ukashtuka mwenyewe. Ukaongeza haraka haraka, "Anakohoa kidogo tu." Wifi akachukua simu akaniuliza hali ya hewa.

Nilikaa chini sakafuni, hapa hapa jikoni. Sikulia. Nilikasirika, Mama, nisikufiche. Niliwakasirikia nyote, Kaka zaidi, na wewe pia. Nikasema, mimi ni nani kwenye familia hii? Mgeni? Majirani wote wa Zinga wamekula ubwabwa wa msiba wa baba yangu, mpaka walevi wa kilabuni wanajua, mimi niliyepewa jina la mama yake sijui? Nilikuwa tayari kupiga simu siku hiyo hiyo na kumpasulia Shabani maneno ambayo tusingeyazoa tena. Nilikuwa nimeshayapanga. Nilikuwa na mazuri sana.

Kesho yake ndipo nikamgeuza Bibi Dorini.

Nilipofika nyumbani na viatu vyenye chai, yale maneno yote niliyompangia Kaka yalikuwa yameondoka. Maana nilikuwa najifikiria mimi tu, kama Roni, niliye mbali na fungu langu la barua mkononi. Sikuwa nimekufikiria wewe jikoni. Wewe ndiye unayeachiwa simu kila Ijumaa. Mumeo kazikwa, uko kwenye eda, unatakiwa ukae umlilie kwa amani, umwombee, watu wakupe pole. Badala yake kila wiki unajifuta machozi, unasafisha koo, unamlaza Baba usingizi kwa ajili yangu. Unamkohoza. Unamvulia samaki wa kula ili uniambie kala nini. Utamlilia lini, Mama, na kila Ijumaa yuko hai kwenye simu?

Najua hamkufanya kwa ubaya. Najua mila yetu, mtu aliye mbali haangushiwi msiba kama gunia la mkaa. Huambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo. Hutafutwa mtu wa kukaa naye ashike maji mkononi. Akifika stendi akiona watu wengi wamekuja kumpokea hujua mwenyewe. Mila nzuri, inafaa kwa aliyeko Lugoba au Dar, anayefika jioni. Mimi siwezi kufika jioni. Mmeogopa nitatupa kila kitu nipande ndege, karatasi zangu zipotee. Na kama namjua Baba, wala sitashangaa nikiambiwa ni yeye mwenyewe aliyewausia, "Msimwambie mama yangu mpaka mambo yake yawe mazuri." Ni yeye kabisa. Lakini alisahau kitu kimoja, na hicho alinifundisha yeye.

Unakumbuka alivyokuwa akisimulia habari za Babu kwenda vitani na askari wa Keya, Waafrika wa jeshi la Mwingereza? Bama huko huko, mvua, ruba, wenzao Wazungu wanapata karatasi za buluu kutoka kwa mama zao, yeye hapati kitu, kwa kuwa Mkange hapakuwa na bango wala posta wala mtu aliyejua ndege inapeleka barua. Kimya kikawa kirefu. Nyumbani wakasema huyu amekufa. Wakamsomea hitima, mkewe akakaa eda, akamaliza, akaolewa na mtu mwingine. Babu akatokea, mzima, na kofia kichwani! Baba akifika hapo hucheka mpaka pampu inamdondoka. "Alisomewa hitima mzima mzima, na ubwabwa ulipikwa, kosa lake yeye hakuupata." Ndipo Babu akamwoa Bibi Tatu, akazaliwa Baba. "Kwa hiyo mimi," husema, "nimezaliwa kwa sababu ya barua isiyofika. Lakini msiige. Habari isiyofika humpa mtu maisha mengine, hata kama hakuyaomba."

Basi hayo ndiyo mliyonipa, maisha mengine, ambayo ndani yake Baba amelala tu. Siyataki. Nataka haya haya yenye msiba, niwe humo pamoja nanyi.

Kama nimekosea, na Baba yuko hapo uani anakohoa, msomee barua hii yote, acheke mpaka adondoke, na aniambie mwenyewe kwamba nimemsomea hitima kama Babu. Nitafurahi kuchekwa maisha yangu yote. Lakini Mama, mkono wangu unaandika kwa utulivu ambao haungekuwepo kama ningekuwa sijui.

Nimemlilia sasa. Neema alikuja, nikamwambia, akanikalisha kitandani, akanishikisha maji mkononi kama kwetu. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, akaniuliza kwenu mnasema nini, nikamwambia, akasema pamoja nami, Inna lillahi, kwa matamshi ya Lugoba. Kilichonitoa machozi zaidi ni kitu kidogo. Nilikumbuka kwamba duniani sasa hakuna mtu wa kuniita mama. Mtoto sina, na yeye ndiye pekee aliyekuwa akiniitikia, "Marahaba, mama. Umekula nini leo?" huku pampu inalia fyu, fyu, na mwenye baiskeli anagomba anacheleweshwa.

Na pampu ndiyo nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimemnunulia moja ya miguu, ya chuma, imara, mnada wa vitu vya watu waliohama. Ilikuwa nyuma ya mlango inasubiri msafiri. Baada ya Bibi Dorini kunisimulia ile shali ya hariri, niliitazama pampu ile nikataka kuitupa. Sikuitupa. Neema anakuja nayo, ndiyo hiyo iliyofungwa kwenye gazeti, atakuwa amelalamika njia nzima juu ya uzito wake. Mwambie Kaka Shabani asiiuze na asiiweke ndani. Aifunge kwa mnyororo pale pale barabarani Baba alipokuwa akifanyia kazi, kando ya meza yako ya vitumbua. Mtu yeyote anayepita na tairi bapa ajaze upepo, asilipe. Mwanafunzi, muuza samaki, mwenye mkaa, yeyote. Kila tairi litakalojaa iwe sadaka ya Baba. Mimi nikiwa huku, baridi imenibana, nitakuwa najua kuna mtu Zinga anakanyaga pampu, fyu, fyu, na thawabu inamwendea.

Sitakuja sasa. Naandika kwa machozi lakini naandika kwa akili. Nitasubiri karatasi zangu, kama mlivyotaka, kama nadhani naye alivyotaka. Zikitoka nitakuja kaburini, nitakaa siku nzima, nitamgombeza. Lakini kusubiri nikijua ni kusubiri kwa mtu mzima. Msinifanye tena mtoto wa kufichwa.

Nifikishie salamu kwa Kaka Shabani, kaka yangu wa pekee na mwongo wangu mpenzi. Mwambie sina kinyongo, najua aliushika msiba peke yake akashika na mdomo, na huo wa pili ndio uliokuwa mzito. Wifi yangu msalimie, na mwanawe fundi wa kugeuza simu, asichapwe. Mama Asha, shoga yako, mpe hongera ya harusi na umwambie nilitafuta uso wako kwenye video nzima. Shangazi wa Mkange mpe pole ya kufiwa na kaka yake. Mpunga wake haukuhitaji mlinzi, lakini mpe pole.

Baba simtumii salamu. Hii ndiyo barua ya kwanza ninayoandika bila salamu zake, na kalamu imekaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, ampe kauli thabiti, na kaburi lake liwe na nafasi na mwanga. Sema amin, Mama. Iseme kwa sauti, wakusikie mpaka barabarani.

Ijumaa baada ya kuisoma hii nitapiga kama kawaida. Usisafishe koo. Usiniulize nimekula nini. Shabani akikukonyeza mgeuzie mgongo. Ukipokea tu uanze kulia, nami nitalia, hata salio likiisha na liishe.

Mimi mwanao,
Tatu, yule aliyekuwa mama yake Baba.